Supu ya Batanati katika Sufuria ya Kuazima

Sitakuficha, mpenzi msomaji: mimi si mpishi. Mimi ni mwandishi wa makala, na aghalabu chakula cha jioni kwangu huwa ugali, sukuma wiki na chochote kilichosalia katika friji. Lakini kuna ugonjwa unaotupata sisi wanawake wa mjini tunaposikia kwamba wakwe wanakuja. Huja ghafla kama malaria, nao hauna tembe. Dalili yake ya kwanza ni kuona haya kwa vyakula ambavyo umevipika miaka yote bila mtu kulalamika.

Mimi ulinishika Novemba 2023. Wifi yangu alikuwa amehitimu ualimu, na kwa kuwa mume wangu ndiye kifungua mimba, iliamuliwa karamu ya kumpongeza ifanyike kwetu South B, Nairobi. Wageni ishirini na kitu: mama mkwe na wajomba kutoka Nyamira, wenzake wifi wa chuoni, na majirani wachache wa ghorofa letu. Siku ilikuwa Jumapili, maana wakwe zangu ni Wasabato na Jumamosi si siku ya kuchezea.

Pilau, kuku, chapati na kachumbari havikuhitaji mjadala. Nilichotaka mimi ni kitu cha kutangulia, cha kumfungulia mgeni hamu kabla ya sahani kubwa kufika. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimekwenda katika hoteli moja ya mjini kumhoji mpishi mkuu. Kabla hatujaanza mazungumzo, alinitilia kikombe kidogo cha supu ya rangi ya machungwa, nzito kama uji, na juu yake vipande vya bekoni vilivyokaushwa vikawa vinavunjika mdomoni kama njugu. Maswali niliyomwuliza siku hiyo nimeyasahau karibu yote. Kikombe kile sijakisahau.

Ilikuwa supu ya batanati. Kwa yule asiyeijua, batanati ni boga dogo lenye shingo nene na tako la mviringo, ganda lake laini lina rangi ya chai iliyozidi maziwa, na nyama yake ya ndani ni ya rangi ya machungwa iliyokolea. Ni ya ukoo mmoja na malenge. Asili ya ukoo huo ni Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na haukuonja udongo wa Afrika mpaka meli za Wazungu zilipoanza kuvuka Atlantiki baada ya mwaka 1492. Hata mbegu inayojulikana zaidi madukani, Waltham, imepewa jina la mji wa Massachusetts, Marekani, na ilituzwa huko mwaka 1970. Kwa hiyo anayekuambia kwamba malenge ni chakula cha kikale cha nyanya zetu na batanati ni chakula cha mahotelini, mwambie hao ni ndugu wa baba mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja alitangulia kufika akazoeleka.

Na bekoni? Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia.

Mimi ni mzaliwa wa Uplands, ng'ambo ya Limuru. Wazee wa huko wanakumbuka kiwanda cha nyama ya nguruwe kilichojengwa zama za ukoloni, ambacho kilifungwa kabla mimi sijazaliwa. Babu yangu alifanya kazi humo. Alikuwa akitueleza jinsi ubavu wa nguruwe ulivyosuguliwa chumvi, ukaachwa siku kadhaa, kisha ukatundikwa kwenye moshi hadi ukabadilika rangi. Kwetu, kipande cha nguruwe mezani kilimaanisha Krismasi. Sikujua, hadi nilipokuwa msichana mkubwa wa sekondari, kwamba kuna mtu anayeweza kuinuka na kuondoka mezani kwa sababu ya harufu hiyo.

Kisha nikaolewa na Msabato wa Nyamira.

Mume wangu mwenyewe hula kila kitu, hata vile ambavyo ningependa asile. Lakini mama yake anafuata Mambo ya Walawi sura ya 11 neno kwa neno. Katika miaka minane ya ndoa yetu, mama huyo hakuwahi kula chakula nilichokipika. Akija kwangu atakunywa chai, atakula ndizi alizokuja nazo mwenyewe, na mayai aliyoyachemsha yeye. Ugali wangu, la. Wali wangu, la. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba hanipendi kwa kuwa si wa kabila lake, na jambo kama hilo ukijiambia miaka minane linageuka kuwa ukweli.

Kwa sababu hiyo nilipanga mambo yangu kwa uangalifu mkubwa. Nilisema nitapika supu mbili: sufuria ndogo isiyo na bekoni kabisa, kwa ajili ya mama na yeyote mwenye imani kama yake, na sufuria kubwa yenye bekoni kwa wengine. Nilijiona mwerevu kwelikweli.

Batanati nilizinunua Marikiti alfajiri ya Jumamosi. Nilichukua tatu kubwa, jumla kilo tatu na nusu. Chagua ile iliyo nzito mkononi kuliko inavyoonekana, yenye ganda lisilong'aa, na kikonyo chake kiwe bado kimeshika. Ukiibonyeza kwa ukucha na ukucha ukaingia, iache, haijakomaa. Bekoni niliinunua dukani, gramu 400, na bei yake ingeninunulia maharagwe ya wiki nzima.

Vitabu vingi husema batanati imenywe ikiwa mbichi. Ukiwa na kisu butu kama changu, usijaribu, utakata kidole. Mimi nilizipasua mara mbili kwa urefu, nikatoa mbegu kwa kijiko, nikazipaka mafuta kidogo na kuziweka ndani ya oveni muda wa saa moja hivi, upande uliokatwa ukitazama chini. Ikiiva, nyama yake hutoka kwa kijiko kama parachichi bivu, na ladha yake imekwisha kukolea kuliko ile ya kuchemsha, kwa kuwa maji yamepungua na sukari yake imeungua kidogo pembeni. Asiye na oveni achemshe tu, lakini atumie maji machache.

Mbegu usizitupe. Zioshe, zikaushe, uzikaange kavu kwa chumvi. Tutazihitaji baadaye.

Sasa ikazuka shida ya vyombo. Sufuria zangu mbili kubwa zilikuwa zimetengewa pilau na kuku. Nikateremka ghorofa ya pili kwa jirani yangu, mama mmoja wa Lamu ambaye sisi sote tunamwita Mwalimu, kwa kuwa anafundisha shule ya msingi hapa karibu. Nilikuwa nimemwalika kwenye karamu pamoja na binti yake. Nikamwomba sufuria.

"Ya kupikia nini, Mama Pacha?" akaniuliza. Hivyo ndivyo anavyoniita, maana nina mapacha.

"Supu tu, Mwalimu."

Akanipa sufuria yake nene, ya zamani, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, si hizi za siku hizi ambazo ukiziangusha zinapinda. Kwenye ukingo zilikuwa zimechongwa herufi mbili za Kiarabu. Nikamshukuru nikapanda ngazi. Wahenga walinena kwamba cha kuazima hakisitiri makalio, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na wageni ishirini?

Jumapili saa nne asubuhi nilianza. Mama mkwe alikuwa ametoka na wifi kwenda kupigwa picha, na jikoni nilikuwa peke yangu na redio.

Siri ya bekoni, mpishi yule aliniambia, ni kuianzisha baridi. Ikatekate vipande vidogo, itie ndani ya sufuria ambayo haijapata moto, kisha uwashe moto mdogo. Ukiitia kwenye sufuria iliyokwisha kuwaka, nje inaungua na mafuta yanabaki ndani. Ukiianza baridi, mafuta hutoka taratibu, na baada ya dakika kumi hivi vipande vinakuwa vikavu na vyekundu, vikielea katika mafuta yao wenyewe. Vipande nikaviopoa nikaviweka kando kwa ajili ya kunyunyizia juu. Mafuta nikayaacha mumo humo, nikaangia vitunguu viwili, punje nne za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi. Harufu iliyotoka hapo, mpenzi msomaji, ilikuwa ya Krismasi yote ya utotoni mwangu. Nilisimama juu ya sufuria nimefumba macho.

Kisha nyama ya batanati, mchuzi wa mifupa ya kuku, pilipili manga, na kungumanga kidogo iliyokunwa. Chumvi hutiwa mwisho, baada ya kuonja, kwa kuwa bekoni ina yake. Sufuria ndogo niliipika vivyo hivyo kwa siagi na mchuzi wa karoti na vitunguu. Niliitanguliza hiyo kwenye blenda, ndipo nikasaga ile kubwa, ili blenda isichanganye mambo. Unaona nilivyokuwa makini? Nikutahadharishe pia kwamba supu moto ikijazwa ndani ya blenda hadi juu, mvuke hukirusha kifuniko na supu ikakurukia usoni. Jaza nusu tu, fungua kile kitundu cha juu, uzibe kwa kitambaa. Dari ya jikoni langu bado ina doa la mara ya kwanza.

Ilipofika saa saba na nusu supu zote mbili zilikuwa tayari, na mama mkwe akarudi. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kama kawaida yake, bila kuingia.

"Hiyo ndiyo ya nguruwe?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Ile kubwa. Hii ndogo haina kitu, nimeipika mbali nayo."

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Akaitazama sufuria kubwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo sufuria si yako."

"Ni ya Mwalimu wa chini."

"Yule anayevaa buibui?"

Nilihisi tumbo likishuka. Hakuongeza neno, wala hapakuhitajika neno. Siku nzima nilikuwa nimemchunga mtu mmoja nisimkosee, na nikamkosea mwingine ambaye sikumfikiria hata kidogo, tena kwa kutumia chombo chake mwenyewe.

Nitasema ukweli kuhusu wazo la kwanza lililonijia. Nilifikiri: nitaimimina supu, nitaisugua sufuria kwa maji moto, sabuni na waya hadi ing'ae kuliko ilivyokuja, kisha nitairudisha kesho na asante juu. Nani atajua? Nikaanza hata kulisema kwa sauti. "Mama, nikiiosha vizuri..."

Mama mkwe akaingia jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Akavuta kiti cha plastiki akaketi, akaniambia jambo ambalo mume wangu mwenyewe hakuwa akilijua. Zamani, alipokuja Nairobi kwa harusi ya mtu wa ukoo, alipewa soseji. Akaambiwa ni za ng'ombe. Alizila mbili. Jioni, watu wakiwa wameshiba, vijana wawili walimwambia kwa kicheko zilikuwa za nini. Alitapika usiku kucha, na kilichomwuma zaidi, alisema, si soseji bali kile kicheko. Kwamba watu wote mezani walikuwa wakijua isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo, akiingia nyumba yoyote ya mjini, ni ndizi na mayai.

"Si wewe peke yako," akasema. "Hata kwa binti yangu mwenyewe silali bila ndizi zangu."

Miaka minane, na kumbe sababu ilikuwa soseji mbili.

"Mwambie leo," akaongeza. "Kabla hajapanda kuja kula."

Nikaimimina supu kubwa ndani ya chupa tatu za chai, na nadhani ni wazo zuri, kwa kuwa ilikaa moto hadi jioni, ingawa chupa moja hadi leo chai yake hunukia moshi. Nikaichukua sufuria ikiwa vile vile, bila kuiosha, nikateremka.

Mwalimu alikuwa ndio kwanza amalize sala ya adhuhuri. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, sufuria mikononi. Sikuwa na namna nzuri ya kulisema, nikalisema lilivyo: nimepikia nyama ya nguruwe ndani ya sufuria yako, sikukusudia, sikufikiri.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliitazama sufuria, asiiguse, akasema, "Mama yangu alinipa hiyo nilipoolewa. Ilikuja na mimi ndani ya jahazi."

Nikasema nitamnunulia nyingine. Nikataja Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga masufuria ya kila ukubwa. Nilipokuwa nikisema nilijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa mepesi.

"Kamukunji hawamtengenezi mama yangu," akanijibu.

Tulinyamaza. Binti yake, mwenye umri wa miaka kama kumi na miwili, alichungulia kutoka sebuleni akavutwa na mazungumzo. Hatimaye Mwalimu akavuta pumzi akasema, kwa sauti yake ya darasani, kwamba lina njia. Kwao, katika madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na moja ya mara hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kwanza mafuta yenyewe yaondoke. Baada ya hapo chombo ni tohara.

"Nitaiosha mimi," nikasema. "Wewe uhesabu."

Kumbuka hiyo ilikuwa Jumapili ya South B, na mifereji ilikuwa imekauka tangu Ijumaa. Maji ya karamu yote yalikuwa kwenye mitungi sita ya lita ishirini niliyoinunua kwa mkokoteni. Mtungi mzima uliishia kwenye sufuria ile. Lakini maji hayakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa udongo. Nilikimbia juu nikaleta udongo kutoka kwenye vyungu vyangu vya maua. Mwalimu akaunusa akaukataa: una samadi ya kuku, na samadi ni najisi. Hauwezi kutakasa kitu.

Basi mimi, mwandishi wa gazeti mwenye diploma ya uandishi wa habari, wageni wakitarajiwa baada ya saa moja, nikawa natafuta udongo safi jijini Nairobi. Jaribu siku moja, utaona. Kila mahali ni saruji, na pasipo na saruji pana taka. Mwishowe binti yake Mwalimu akakumbuka kwamba kiwanja cha nyuma kinachimbwa msingi. Tulimkuta bawabu, tukamwomba udongo wa kutoka chini kabisa shimoni, ule mweusi unaonata. Alituuliza tunataka kupanda nini. Binti akamjibu, "Kuosha sufuria." Yule mzee alitazama mkebe tuliokuja nao, akatazama viatu vyangu vya karamu, akateremka shimoni bila kuuliza tena.

Nikaosha kwenye kibaraza cha Mwalimu. Mama mkwe naye aliteremka akaketi kwenye ngazi. Wanawake wawili ambao hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, mmoja na kitambaa cha kanisa na mwingine na mtandio, wakawa wananihesabia kwa pamoja: moja, mbili, ya udongo hii, sugua vizuri hapo kwenye ukingo, tatu. Walipofika mara ya tano walikuwa wakizungumza juu ya magoti yao. Mara ya sita, mama mkwe alikuwa akimweleza mwenzake jinsi majani ya malenge, ambayo Wagusii huyaita risosa, hupikwa kwa maziwa, na Mwalimu akimweleza boga la nazi la Lamu, lenye iliki na sukari, ambalo huliwa wakati wa kufuturu. Mimi nilikuwa nimeinama, jasho linanitoka, hakuna aliyekuwa akinitazama.

Ya saba ilipokwisha Mwalimu aliichukua sufuria akaipangusa. "Kisheria imekwisha," akasema. "Moyo wangu utachukua siku mbili tatu. Usinihesabie hizo." Akaiingiza ndani.

Karamu yenyewe nitaipitia haraka. Supu niliitoa kwenye vikombe vya chai, nusu kikombe kwa kila mtu, nao ni ushauri ninaoushikilia: kitangulizi kisishibishe, na kikombe humwezesha mgeni kunywa akiwa amesimama akisalimiana. Juu ya supu ya sufuria ndogo nilinyunyizia zile mbegu zilizokaangwa, nazo zilivunjika mdomoni vizuri kama bekoni, pengine kuliko bekoni. Mjomba mmoja aliuliza kama ni uji wa mtoto. Wenzake wifi walipiga picha vikombe kabla ya kunywa.

Na hapo nikagundua kosa langu jingine, la hesabu. Nilikuwa nimepika lita tatu zenye nguruwe na lita moja tu isiyokuwa nayo, ilhali robo tatu ya wageni wangu walikuwa ni Wasabato. Sufuria ndogo iliisha kabla ya wajomba kuketi. Chupa mbili za chai zilibaki zimejaa, na mume wangu akala supu ya bekoni hadi Jumatano.

Tangu siku hiyo nikialika watu napika supu moja tu, kwa siagi au kwa mafuta ya kawaida, na bekoni naikaanga peke yake katika kikaango changu mwenyewe. Inakaa mezani katika bakuli lake na kijiko chake, na ninamwambia kila mgeni ni nini. Supu haipotezi sana. Inapoteza moshi kidogo, na moshi huo unaweza kuurudisha kwa kuacha vitunguu viungue kidogo zaidi ya ulivyozoea. Bekoni pia inabaki kavu, maana ikilala ndani ya supu kwa robo saa inalainika kama karatasi iliyolowa.

Lakini nilitaka kusema juu ya kikombe kimoja. Kabla sufuria ndogo haijaisha, nilipokuwa nikipita na sinia, mama mkwe alinyoosha mkono. Nilidhani anataka kunisaidia kubeba. Alichukua kikombe. Alinusa, akanywa, akatafuna mbegu zake polepole, akanirudishia kikombe kikiwa kitupu. "Ina pilipili nyingi," akasema, akaendelea na mazungumzo yake. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa sebule. Alikuwa ameona. Tulitazamana juu ya vichwa vya watu, wala hatukusema lolote mpaka usiku.

Mwalimu alipanda baada ya sala ya alasiri. Alikunywa chai, akala chapati na kachumbari, supu hakuigusa, nami sikumlazimisha.

Wiki kadhaa zilipita. Tulisalimiana ngazini kama kawaida, ingawa kwa vyombo sikumwendea, na yeye hakuniletea lolote. Nilikuwa nimeanza kufikiri siku zake mbili tatu hazitakwisha. Kisha Jumamosi moja jioni mlango ukabishwa. Alikuwa binti yake.

"Shikamoo. Mama anaomba blenda, anapika boga la nazi na mwiko umemchosha mkono." Akasita, akatazama chini. "Tena amesema nikuulize, imesaga nini."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuichukua rafuni. Nikaurudisha. Nikamwambia ukweli, kwamba imesaga supu zote mbili, ile ndogo na ile nyingine.

Hakushangaa. Alishuka mbio, nikasikia viatu vyake hadi chini kabisa, na lango la kiwanja cha nyuma likilia. Baada ya muda akapanda tena, anahema, mikononi mwake ule mkebe umejaa udongo mweusi.